Shibiri moja ya upana inavyoamua usalama wa boti ziwani

Na Mwandishi Maalumu, Rumonge

MTU anayefika ufukweni Rumonge alfajiri, saa ambayo boti za ndagala zinarudi kutoka ziwani na zile za abiria zinapakia, ataona jambo moja hata kama si mvuvi. Boti hazifanani. Ipo iliyo ndefu na nyembamba, ambayo ukiikanyaga tu inalala upande. Ipo fupi na pana, iliyotulia hata vijana watatu wakirukia ukingo wake kwa pamoja. Zote mbili zimejengwa kwa mbao za aina moja, na pengine na fundi yule yule.

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Kila mwenye chombo humwendea fundi na shida yake. Anayetaka kuwahi soko huomba boti nyembamba. Anayetaka kupakia magunia ya unga, madumu ya mawese na mifuko ya saruji huomba boti pana. Abiria, ambaye ndiye atakayekaa ndani na watoto wake, haulizwi. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo asiyeulizwa, na pia kwa ajili ya mwenye chombo ambaye hajawahi kuelezwa kwa hesabu kile anachokinunua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu. Elimu yangu niliipata ukimbizini, katika shule ya kambi mkoani Kigoma, baada ya vita vya mwaka 1993 kututoa nchini. Shule ile haikuwa na maabara. Mwalimu wetu alitufundisha somo la kuelea kwa kutumia beseni la kufulia, kopo la mafuta ya kupikia na mawe. Aliliweka kopo limesimama likapinduka. Akaliweka limelala likaelea. Wengi wetu tulikuwa tumevuka ziwa kwa mitumbwi ya watu waliobanana, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Somo lile ndilo ninalofundisha hadi leo, na ndilo ninaloleta hapa.

Kwa nini chombo husimama

Chombo kilichotulia majini kinasukumwa na nguvu mbili. Uzito wake na wa vilivyomo unakivuta chini, na maji yanakisukuma juu. Nguvu hizo zikiwa kwenye mstari mmoja, chombo hutulia. Kikiinama upande wa kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi na ule wa kushoto hutoka majini. Hapo msukumo wa maji huhamia kulia, na kwa kuwa uzito umebaki karibu pale pale, maji hukiinua chombo na kukirudisha sawa.

Sasa upana unaingiaje? Unaingia mara tatu, na hapo ndipo penye siri yote. Kwanza, boti ikiwa pana, sehemu inayozama upande wa chini ni kubwa zaidi. Pili, kwa kiasi kile kile cha kuinama, ukingo ulio mbali na katikati hushuka kina kirefu zaidi. Tatu, msukumo huo unafanya kazi mbali zaidi na katikati, kama mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo mrefu. Ukizidisha hizo tatu, utaona kwamba nguvu ya kuirudisha boti hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu.

Chukua mfano wa boti yenye upana wa mita 2. Iongeze sentimeta 20, yaani karibu shibiri moja, na mzigo ubaki ule ule. Upana umeongezeka kwa asilimia 10 tu, lakini nguvu ile inayotokana na upana imeongezeka kwa asilimia 33. Ukiongeza urefu kwa asilimia 10, faida hiyo ni asilimia 10 basi. Ndiyo maana fundi mzoefu, ambaye huenda hajawahi kuona kitabu cha fizikia, husitasita sana anapoambiwa apunguze upana kuliko anapoambiwa apunguze urefu.

Ikumbukwe kwamba upana unaozungumziwa ni ule wa mahali maji yanapofikia ubavuni, si ule wa ukingo wa juu. Zipo boti ambazo mbavu zake zimefunguka juu kama bakuli huku chini ni nyembamba. Ukizitazama kutoka ufukweni unadhani ni pana. Maji hayaujui upana wa juu mpaka boti iwe tayari imelala, na wakati huo abiria wameshaanza kupiga kelele.

Watu 50 ndani ya boti

Mwaka 1746 mwanasayansi wa Ufaransa, Pierre Bouguer, alichapisha kitabu kuhusu meli ambamo alieleza nukta aliyoiita metasenta. Tuseme kwa urahisi kwamba hiyo ni kama ndoano isiyoonekana ambayo chombo kimening'inizwa. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya ndoano hiyo, chombo husimama. Kikipanda juu yake, chombo hakiwezi kusimama wima hata ziwa likiwa shwari kama kioo. Upana ndio unaoinua ndoano hiyo.

Hesabu hii huwapa wanafunzi wangu, nao huifanya kwa kalamu na karatasi. Tuchukue boti yenye umbo la sanduku ili hesabu iwe nyepesi. Urefu ni mita 10 na uzito wake ni tani 2, na kitovu cha uzito wa boti yenyewe kiko sentimeta 35 kutoka chini. Wamepanda watu 50 wa kilo 60 kila mmoja, yaani tani 3. Wakiwa wamekaa, kitovu cha uzito wao kiko sentimeta 75 kutoka chini ya boti. Wakisimama, kinapanda hadi sentimeta 105.

Boti ikiwa na upana wa mita 2, itazama sentimeta 25, na ile ndoano itakuwa sentimeta 146 kutoka chini. Kitovu cha uzito wa vyote kwa pamoja, watu wakiwa wamekaa, kiko sentimeta 59. Wakisimama wote, kinafika sentimeta 77. Katika hali zote mbili boti inabaki na nafasi kubwa ya kusamehe makosa.

Punguza upana uwe mita 1 na nusu. Sasa boti inazama sentimeta 33, na ndoano imeshuka hadi sentimeta 73. Watu wakikaa, kitovu cha uzito kiko sentimeta 14 chini ya ndoano, kwa hiyo boti inasimama, ingawa kwa taabu. Watu wale wale wakisimama, kitovu kinapanda hadi sentimeta 77, yaani sentimeta 4 juu ya ndoano. Hakuna upepo, hakuna wimbi, hakuna kosa la nahodha. Abiria wamesimama tu, na boti imepoteza uwezo wa kukaa wima.

Rudisha shibiri moja. Upana uwe mita 1 na sentimeta 70. Ndoano inapanda hadi sentimeta 97, na hata watu wote wakisimama inabaki nafasi ya sentimeta 20. Shibiri ile ndiyo iliyotenganisha safari na msiba. Boti halisi, ambayo huchongoka mbele na nyuma, ina hali mbaya kidogo kuliko sanduku hili, kwa hiyo msomaji asidhani nimetia chumvi.

Starehe inayodanganya

Hapa ndipo abiria wengi hupotezwa. Boti pana haibembelezi. Ikipigwa na wimbi la ubavuni huinama na kurudi haraka, kwa mkupuo, kiasi cha kumtapisha mtu na kumgongesha kichwa. Boti nyembamba, au ile iliyolemewa na mzigo juu, huenda taratibu upande huu na taratibu upande ule, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Abiria husema ya pili ni nzuri, ya kwanza ina vurugu.

Kwa hesabu ya mfano wetu, boti ya mita 2 ikiwa na watu waliokaa itamaliza mwinamo mmoja kamili, kwenda na kurudi, kwa muda usiofika sekunde 2. Ile ya mita 1 na nusu itachukua zaidi ya sekunde 3. Mwili unafurahia hizo sekunde 3. Lakini ule upole ni dalili kwamba nguvu ya kurudisha chombo ni ndogo. Mabaharia wa zamani walilijua jambo hili vizuri: chombo kinachochelewa kurudi, kinachokaa kidogo upande mmoja kana kwamba kinafikiri, ndicho cha kuogopwa.

Haimaanishi kwamba vurugu ni sifa njema. Boti pana mno, yenye sakafu bapa, hupiga maji kwa kishindo inapokutana na mawimbi uso kwa uso, na kishindo hicho hulegeza misumari na kufungua maungio ya mbao. Aidha, watu waliochoka kwa kurushwarushwa huanza kutafuta mahali pa kushika, husimama, huhamahama, nao huleta hatari mpya. Kwa hiyo fundi mwema hutafuta katikati: upana wa kutosha pale maji yanapofikia, na omo, yaani sehemu ya mbele, iliyochongoka ili ikate wimbi badala ya kulipiga kofi.

Mwendo na bei ya mafuta

Wenye boti nao wana hoja yao, na haifai kuidharau. Boti pana hula mafuta. Inapokwenda husukuma maji mengi zaidi pembeni, na kila tone la maji lililosukumwa limelipiwa kwa petroli. Katika miaka ya 2023 na 2024, Burundi ilipokumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta, lita moja ilitafutwa kwa siku kadhaa. Mtu mwenye injini moja na familia ya kulisha hawezi kulaumiwa kwa kufikiria upya umbo la boti yake.

Hata hivyo, upana si jambo pekee linaloamua mwendo. Boti ya kawaida inapokwenda hujitengenezea wimbi lake, na wimbi hilo likishakuwa refu kama boti yenyewe, boti hubaki ikipanda kilima cha maji kisichoisha. Kanuni ya wajenzi ni rahisi: chukua urefu wa boti majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, utapata mwendo kwa kilomita kwa saa. Boti ya mita 9 inaishia karibu kilomita 13 na nusu. Ya mita 16 inafika kilomita 18. Ukiifunga ile ya mita 9 injini kubwa maradufu, sehemu kubwa ya nguvu hiyo itaishia kwenye kelele na povu.

Chombo chembamba sana hukwepa sheria hiyo kwa kiasi fulani, kwa sababu wimbi linalotoka kwake ni dogo. Boti za mashindano ya makasia za mtu mmoja zina urefu wa mita 8 hivi na upana wa sentimeta 30 hivi. Zinapaa kama mshale, lakini mpiga makasia akiyaachia makasia yake ataoga. Upande wa pili wapo waendao kwa boti ndogo za faiba zenye injini zenye nguvu, ambazo hunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Kwa hizo, sakafu pana ni msaada, maana ndiyo inayozinyanyua. Gharama yake ni mafuta mengi na migongo inayouma siku ya mawimbi.

Ziwa letu lina mfano mkubwa wa umbo refu na jembamba. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande na kuletwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina ilonalo. Urefu wake ni mita 71 hivi na upana mita 10 hivi, yaani urefu ni mara saba ya upana. Wajenzi wake hawakuogopa wembamba huo kwa sababu meli ya chuma ina mitambo mizito iliyowekwa chini kabisa. Boti ya mbao ya mita 10, ambayo mzigo wake mzito ni binadamu waliokaa juu, haiwezi kuiga uwiano huo na kubaki salama.

Usukani nao unasema

Upana hubadilisha pia jinsi chombo kinavyotii. Boti ndefu na nyembamba hushika njia. Ukishaielekeza haitaki kuyumba, na kwa safari ndefu hilo humpumzisha nahodha. Lakini kugeuka inataka nafasi kubwa, na ikigeuzwa ghafla huinama vibaya. Boti fupi na pana hugeuka upesi, jambo jema kwenye gati lenye msongamano, ila kwenye maji wazi inabidi irekebishwe kila dakika.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo ukipata nafasi ndefu kiasi hicho hujenga mawimbi yanayofanana na ya bahari. Boti inayotoka kusini kuelekea Bujumbura huwa na mawimbi mgongoni. Hapo tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikiwa pana kupita kiasi huinuliwa na wimbi, omo inachimba maji, na chombo kinageuka ubavu bila usukani kukizuia. Kikishakuwa ubavu, wimbi linalofuata ndilo linalomaliza kazi. Ndiyo maana boti nyingi za kale zilijengwa zikiwa zimechongoka mbele na nyuma, na upana wake wote umewekwa katikati.

Upana nao una mpaka

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kupanua tu. Historia inaonya pande zote mbili.

Tarehe 10 Agosti 1628, mjini Stockholm, meli ya kivita ya mfalme wa Sweden iitwayo Vasa ilianza safari yake ya kwanza mbele ya umati. Ilikuwa na mizinga mingi iliyowekwa juu, na tumbo lake lilikuwa jembamba kwa uzito ule. Kabla ya safari, watu 30 waliamriwa kukimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili kuipima. Baada ya kukimbia mara tatu, meli iliinama kiasi kwamba jaribio lilisitishwa. Pamoja na hayo ilitolewa bandarini. Ilikwenda mita 1,300 hivi, upepo wa kawaida ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Iliopolewa mwaka 1961 na leo imo katika jumba la makumbusho. Jaribio lilitoa jibu sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kulisikiliza.

Upande wa pili ni Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet ya boti za tanga, kutoka Uingereza kuelekea mwamba wa Fastnet karibu na Ireland. Zilianza boti 303. Dhoruba ikazikuta, boti zaidi ya 70 zikapinduka, na wanamaji 15 wa mashindano hayo wakafa. Baada ya msiba ule wataalamu walichunguza umbo la boti za mashindano, ambazo nyingi zilikuwa pana na nyepesi. Wakaona kwamba chombo kipana na chepesi ni kigumu kuinamisha mwanzoni, lakini kikishapinduliwa na wimbi kubwa hutulia vile vile kikiwa juu chini. Upana uliokisimamisha ndio unaokizuia kurudi. Tangu hapo wajenzi wa boti za baharini huulinganisha upana na uzito wa chombo kabla ya kukiruhusu kwenda mbali.

Lipo na jambo la tatu ambalo ndilo linalotuhusu zaidi, nalo ni maji ya ngama, yale yanayokusanyika sakafuni. Boti pana ikiwa na maji machache yaliyotapakaa sakafu nzima, maji hayo hukimbilia upande ulioinama na kuongeza uzito pale pale pabaya. Madhara yake nayo hukua kwa upana uliozidishwa mara tatu. Kwa hiyo boti pana isiyochotwa maji inapoteza kile kile ilichojengewa. Kopo la kuchotea si la kuazimwa na jirani siku ya safari.

Werevu wa wavuvi

Wavuvi wa maziwa yetu walilitatua fumbo hili kwa namna yao. Anayetazama ziwa usiku usio na mwezi ataona taa za wavuvi wa ndagala, wale ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita wavuvi wa dagaa. Wengi hutumia boti mbili nyembamba zilizounganishwa kwa miti, na wavu hushushwa kati yake. Kila boti peke yake ni nyembamba na hupita majini kwa urahisi, lakini zikiwa pamoja upana ni wa mita kadhaa, na watu wanaweza kusimama upande mmoja kuvuta wavu bila hofu.

Katika Ziwa Kivu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, nao huvua sambaza, samaki ambaye mbegu yake ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi ipo ngalawa, mtumbwi mwembamba wenye matengo pande mbili. Wazo ni moja: upana wa kusimamia uwekwe mbali, na mwili wa chombo ubaki mwembamba. Ukiuliza kwa nini usafiri wa abiria haujafuata njia hiyo, jibu ni kwamba boti mbili hugharimu zaidi ya moja, na gati zetu nyingi hazina nafasi.

Wanapokaribia gati

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba abiria walihamia upande mmoja chombo kilipokuwa kinajiandaa kutia nanga. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka katika Ziwa Kivu ikikaribia gati la Kituku mjini Goma. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa na vita, na watu hawakuwa na njia nyingine. Makumi walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea.

Misiba yote miwili ilitokea mwisho wa safari, watu wakiwa wanaiona nchi kavu. Hesabu ya watu 50 inaeleza sababu mojawapo. Katikati ya ziwa watu wameketi kwa woga. Gati likionekana, kila mmoja anasimama, anainua mzigo wake kichwani na kusogea upande wa kushukia. Kitovu cha uzito kinapanda na kuhama kwa dakika moja. Chombo kilichokuwa na sentimeta 14 za kusamehe hakina tena hata moja.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji mkopo wa benki. Mwenye boti apime upana pale maji yanapofikia boti ikiwa imejaa, na aandike ubavuni idadi ya watu kwa rangi inayosomeka. Mizigo mizito iwekwe sakafuni, isiwekwe juu ya viti wala juu ya paa. Maji ya ngama yachotwe kabla ya kuondoka. Nahodha aiyumbishe boti kidogo ikiwa tupu, ahesabu sekunde, kisha ahesabu tena ikishapakiwa. Ikianza kuchelewa kurudi, ashushe watu au mizigo. Na ikifika gatini, abiria washuke benchi kwa benchi, wengine wakiwa wamekaa.

Abiria naye ana haki ya kuuliza. Mzee wa watu akiambiwa na kijana wa boti kwamba nafasi ipo, aangalie ukingo uko juu ya maji kwa kiasi gani, na aangalie boti inavyolala anapokanyaga mtu mmoja. Jaribio la Vasa lilihitaji watu 30. La kwetu linahitaji mguu mmoja na macho mawili.

Kuhusu gharama, nimeifanya hesabu hiyo pia, maana wenye boti huanzia hapo. Kuongeza shibiri moja kwenye boti ya mita 10 kunahitaji mita mbili za mraba za ubao wa sakafu, pamoja na mataruma yaliyorefushwa kwa shibiri hiyo hiyo. Ubao huo ni wa kutosha mlango mmoja wa nyumba. Mafuta yataongezeka kidogo kila safari, na nauli inaweza kupanda kwa sarafu chache. Ni bei ambayo mimi kama abiria niko tayari kuilipa, na naamini akina mama wanaopanda na watoto mgongoni wangeilipa kama wangeulizwa.